Trekta inaishiwa nguvu katikati ya kulima: kagua njia ya dizeli kabla ya kufungua injini

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna trekta ya Massey Ferguson 135 ya dizeli, silinda tatu, aliyotuachia baba hapa Babati. Asubuhi inawaka kwa stata moja tu. Barabarani ikiwa na tela tupu haina shida. Nikiingia shambani na plau la diski mbili inalima vizuri kama nusu saa, kisha resi inashuka yenyewe hata nikivuta mkono wa mafuta hadi mwisho. Nisipowahi klachi inazima. Nikiipumzisha dakika kumi inawaka na kulima tena, ila safari hii inachoka mapema zaidi. Moshi hauongezeki, naona hata unapungua. Fundi wetu anasema ringi zimekwisha na pampu inatakiwa kufunguliwa, na gharama aliyonitajia ni kubwa kuliko uwezo wangu msimu huu. Mvua zimeshaanza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole kwa usumbufu wakati kama huu. Usifungue injini, na pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli, usiiguse kwanza. Kwa maelezo yako, trekta inanyimwa dizeli, na kizuizi kwa kawaida huwa kati ya tangi na filta. Sehemu hiyo unaweza kuikagua mwenyewe kwa spana chache, ndoo safi na kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga.

Umenisaidia sana ulipotaja moshi. Injini ya dizeli ikiwa kazini na ikakosa hewa, dizeli inaingia lakini haiungui yote, na eksozi inatoa moshi mweusi mzito. Ikikosa dizeli, nguvu inaondoka na moshi unapungua pamoja nayo, kwa sababu hakuna cha kuungua. Ringi zilizochakaa zina dalili zake nyingine: moshi wa bluu, kupungua kwa oili, na taabu ya kuwaka asubuhi. Babati asubuhi kuna ubaridi, na yako inawaka kwa stata moja. Injini iliyopoteza mgandamizo haifanyi hivyo. Ukitaka uhakika zaidi, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa imepata moto na iko kwenye resi ya chini. Mvuke kidogo si tatizo. Ikipumua kwa nguvu na kurusha oili, hapo fundi wako atakuwa na hoja.

Halafu angalia muda. Ringi haichakai kwa nusu saa ikapona kwa dakika kumi. Kinachopona kwa kupumzika ni kitu kinachojaa tena polepole, yaani bomba na mtungi wa filta. Injini hii ya Perkins, yenye nguvu za farasi kama 45, ikibanwa na plau hunywa lita nane hadi kumi kwa saa. Ikivuta tela tupu barabarani inatumia sehemu ndogo tu ya hizo. Njia iliyoziba nusu inatosha kabisa kwa barabara, lakini shambani inazidiwa.

Anza na kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kuingiza hewa, na baada ya miaka hamsini ya vumbi na rangi kupakwa juu ya rangi, kitundu hicho huziba. Dizeli inavyotoka, tangi linabaki likivuta utupu hadi fidi pampu, ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini na kuipeleka kwenye filta, inashindwa. Lima mpaka ianze kuchoka, kisha fungua kifuniko hapo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na nguvu ikarudi, umemaliza kazi: zibua kitundu kwa waya mwembamba na kioshe kwa dizeli. Usilime na tangi likiwa wazi, kwa kuwa vumbi litakuletea tatizo kubwa kuliko hili.

Kama kifuniko hakihusiki, shuka kwenye koki chini ya tangi. Chomoa bomba linaloingia kwenye fidi pampu, elekeza kwenye ndoo, fungua koki. Tangi la 135 liko juu ya injini, kwa hiyo dizeli inatakiwa kushuka yenyewe kwa mkondo unaojaa bomba, na usikatike. Usiangalie dakika ya kwanza tu. Iache itiririke hadi ndoo ipate lita kadhaa, kwa maana takataka ndani ya tangi hutulia trekta ikiwa imesimama, kisha husogea na kukaa mdomoni mwa koki mtiririko unapoendelea. Hiyo ndiyo sababu ninayoishuku zaidi kwako, hasa kwa vile kila ukirudia muda unakuwa mfupi. Mkondo ukipungua, shusha dizeli yote, toa koki nzima, osha tangi kwa dizeli safi mpaka itoke bila kutu, na usafishe kichujio kidogo cha waya kama koki yako inacho. Kupuliza bomba kuelekea tangini kunarudisha uchafu ulikotoka, na kesho utaukuta palepale.

Hapa nikuombe jambo: angalia unakotunza dizeli. Pipa la chuma linalokaa nje hutoa jasho ndani usiku, maji yanashuka chini na kutu inaanza. Ukishaleta pipa liache litulie siku nzima, na usinyonye kutoka kitakoni. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo iogope. Pampu ya nozeli ya CAV kwenye injini hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, na mafuta ya taa yanaila.

Sasa fidi pampu. Kabla hujaigusa, vuta kijiti cha oili. Kama oili imepanda kuliko ulivyoijaza, ni nyepesi na inanuka dizeli, diaframu, yaani ngozi laini inayosukuma dizeli ndani ya fidi pampu, imechanika na dizeli inashukia kwenye injini. Usiiwashe tena hata kwa dakika moja mpaka ubadilishe diaframu au fidi pampu yenyewe, kisha umwage oili yote, maana oili hiyo haiwezi tena kulinda beringi za kranki. Kama oili iko sawa, fungua kifuniko cha juu cha fidi pampu usafishe wavu ulio ndani. Kisha chomoa bomba linalokwenda kwenye filta, vuta kamba ya kuzimia ili injini isiwake, na mtu apige stata. Dizeli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kwa kulegea huku tangi ukijua ni safi, fidi pampu imechoka. Na ukipampu kwa mkono ukaona mkono haushiki kabisa, usiilaumu bado, huenda kemu, ule mhimili wa injini unaoiendesha, imeisimamisha juu. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena.

Filta usiioshe, badilisha. Weka pete mpya za mpira zinazokuja nayo, zote, na ufute zilipokaa za zamani.

Baada ya hapo lazima utoe hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka povu liishe, kaza. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu za pampu ya nozeli, kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli, vuta mafuta hadi mwisho na piga stata mpaka dizeli itoke, kaza. Unganisha ule mpira wa plastiki kwa muda kwenye bomba la kuingia fidi pampu. Mapovu yakipita humo injini ikinguruma, kuna kiungo kinavuta hewa upande wa tangi. Vidole viweke mbali na nozeli injini inapowaka: dizeli inatoka kwa presha ya zaidi ya ba 150, inapenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano.

Eya klina yako ya oili iangalie kwa sababu ni msimu wa kazi, si kwa sababu ya ugonjwa huu. Klachi nayo naiondoa: klachi ikiteleza, injini inabaki na sauti ya juu huku magurudumu yanapunguza mwendo. Yako resi ndiyo inayoshuka.

Kipo kipimo kimoja kinachoweza kubadilisha mawazo yangu. Ikizima, jaribu kuiwasha papo hapo bila kungoja. Kama inakataa ikiwa ya moto, na inakubali baada ya kuifunika pampu ya nozeli kwa kitambaa kilicholowa maji na kungoja kidogo, basi rota ya pampu, sehemu ya ndani inayozunguka na kugawa dizeli, imechakaa. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya pembeni, presha inapotea. Hapo peleka pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, si wa kuifungua chini ya mwembe. Kabla ya kuitoa, chora alama ya msumari inayopita kwenye flenji ya pampu hadi kwenye injini ili irudi ilipokuwa, na lakiri (waya uliofungwa kwa muhuri) ya skrubu ya resi ya juu isikatwe na mtu yeyote hapo shambani. Nozeli zote tatu zipeleke pamoja nayo, kwa kuwa pampu nzima ikirudishwa kwenye nozeli zinazotiririka, utalipia kazi na trekta bado itakuwa haivuti.