Machi 25 ya Ugiriki: tarehe moja, siku mbili

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana wangu wa kidato cha pili amesoma kwamba Michezo ya Olimpiki ya mwanzo ya zama zetu ilifunguliwa Athens tarehe 25 Machi 1896, siku ambayo Wagiriki huadhimisha uhuru wao. Kitabu chengine kinasema 6 Aprili. Tukishike kipi? – Msomaji, Wete, Pemba.

JAWABU: Vyote viwili ni sahihi, kwani vinataja siku ile ile. Wakati huo Ugiriki ilikuwa bado ikihesabu kwa kalenda ya Juliani, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma kwa siku 12 ya kalenda ya Gregoriani tunayoitumia maskulini na maofisini. Kwa hiyo siku Mfalme George wa Kwanza alipoifungua michezo ilikuwa 25 Machi kwa wenyeji, na kwa Mmarekani James Connolly, aliyeshinda siku hiyo hiyo katika mruko wa hatua tatu, ilikuwa 6 Aprili. Sisi ambao kalenda zetu za ukutani huonyesha Mfunguo Mosi pembeni mwa mwezi wa kizungu hatuna haja ya kulistaajabia jambo hilo.

Kinachostahiki kuulizwa zaidi ni tarehe yenyewe ya uhuru. Uasi dhidi ya dola ya Uthmaniya haukuanza 25 Machi 1821: Alexander Ypsilantis, kiongozi wa waasi, alikwishavuka mto Prut, uliokuwa mpaka wa Urusi na dola hiyo, na wapiganaji wake mwezi Februari, na mji wa Kalamata uliangukia mikononi mwa waasi tarehe 23 Machi, zote kwa hesabu ya Juliani. Kisa cha Askofu Germanos wa Patras kupandisha bendera siku ya 25 katika monasteri ya Agia Lavra kimechorwa na kusimuliwa sana, lakini wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa ni hekaya. Siku hiyo ilikuwa tayari ni sikukuu ya kanisa, ya Maryamu kupashwa habari ya kumzaa Isa, na serikali ya Mfalme Otto ikaifanya sikukuu ya taifa mwaka 1838. Kwa maoni yangu ulikuwa uteuzi wa werevu, kwani watu walikwishaizoea kuiadhimisha.

Bunge lilipotangaza jamhuri tarehe 25 Machi 1924, hesabu ilikuwa imekwishabadilika, kwa kuwa mwaka uliotangulia Ugiriki ilihamia kalenda ya Gregoriani na siku ya 16 Februari ikaitwa 1 Machi.

Katika mtihani, kijana aandike 6 Aprili 1896, na akipata nafasi aongeze kwamba Wagiriki wenyewe waliihesabu kuwa 25 Machi.