Maswali Yenu: Njaa Wakati wa Ukame

Wanaojibu safari hii ni mtaalamu wa lishe na daktari wa mifugo. Barua zimetoka maeneo kame ya Kenya, ambako misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa. Tumeacha majina ya waandishi.

Swali: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Mikono imekonda, lakini wiki hii miguu imenenepa na uso umejaa. Mama mkwe anasema ameanza kupata afya. Mhudumu alimpima unene wa mkono kwa utepe wa rangi akasema yuko kwenye manjano. Nisubiri? (Mama, Ganze, Kilifi)

Usisubiri, mama. Mpeleke leo hii. Miguu inayonenepa huku mikono inakonda imejaa maji, na chanzo chake ni utapiamlo mkali. Bonyeza kwa vidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, hesabu sekunde 3, kisha achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, huyo ni mgonjwa hata utepe ukionyesha kijani. Na kwa kuwa uvimbe umefika usoni, ni wa kulazwa. Dawa za kutumia nyumbani hazitamtosha. Wodini ataanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia. Usimkatishe matibabu kwa sababu anaonekana kukonda zaidi siku za mwanzo: ni yale maji yanayotoka.

Kuhusu utepe wenyewe. Ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59, na hupimwa mkono wa kushoto. Kiwiko hukunjwa ili kutafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Alama ikishawekwa, mkono unanyooshwa na kulegezwa ndipo utepe unazungushwa. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu (utapiamlo mkali), kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni manjano (utapiamlo wa wastani), 12.5 kwenda juu ni kijani (hajakonda). Ukipima juu ya nguo, au utepe ukalegea, mtoto ataonekana mnene kuliko alivyo. Ukiukaza mpaka ngozi ijikunje, ataonekana mwembamba kupita kiasi. Milimita 2 tu zinatosha kumwacha mtoto nje ya orodha ya matibabu, kwa hiyo omba utepe wako mwenyewe na umpime kila wiki. Mama aliyeonyeshwa mara moja anaweza.

Swali: Nina watoto watatu. Mmoja amepewa paketi za karanga za matibabu. Nitamlishaje peke yake wenzake wakitazama? (Mama, Lodwar, Turkana)

Swali hili ndilo gumu kuliko yote tuliyopokea, na hatutamlaumu mama yeyote aliyewahi kugawa. Lakini jua kinachotokea. Paketi moja ya chakula hicho laini cha karanga ina gramu 92 na kalori 500. Mtoto wa kilo 7 huhitaji karibu paketi 3 kwa siku, na idadi kamili hupangwa na mhudumu kwa uzito wake. Zikigawanywa kwa watatu, mgonjwa anapata theluthi ya dozi, uzito haupandi, kisha kliniki inadhani ana ugonjwa mwingine.

Fanya hivi. Mweleze nesi waziwazi kwamba kuna wengine nyumbani, na udai nao wapimwe. Mara nyingi mmoja wao anaangukia kwenye manjano na anastahili mgao wake. Uliza pia kama familia inaweza kuandikishwa kwa msaada wa chakula au fedha. Mgonjwa mlishe asubuhi kabla wenzake hawajaamka, au wakiwa wamekwenda kuteka maji. Kama ananyonya, titi kwanza, halafu paketi, na maji safi ya kunywa pembeni. Usikoroge karanga hizo kwenye uji: hutajua amekula kiasi gani, na maji machafu yatamletea kuhara. Paketi iliyofunguliwa ikunje mdomo, utaendelea nayo baadaye.

Swali: Baba mzee amerudi kutoka malishoni. Karibu wiki nzima alikuwa akinywa chai ya rangi tu. Tumchinjie mbuzi? (North Horr, Marsabit)

Msimpe mlo mkubwa. Mwili uliokaa na njaa zaidi ya siku 5 umepungukiwa fosfati, potasiamu na magnesiamu. Wanga mwingi ukiingia ghafla, chembe za mwili huyanyakua madini machache yaliyobaki kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Siku 2 za kwanza asizidi nusu ya chakula chake cha kawaida: uji mwepesi wenye maziwa, kikombe kidogo kila baada ya saa 2 au 3. Akianza kuvimba miguu, kuhema au kuchanganyikiwa, mkimbizeni hospitali.

Swali: Nina mbuzi 40. Nyasi zinaisha. Niuze au nihame nao? (Mfugaji, Laisamis)

Uza sehemu sasa, ndugu, wakati bado wana nyama. Mbuzi akikonda, bei yake inashuka wakati ule ule unga unapanda. Julai 2022 pakiti ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Anza na mabeberu wa ziada, wazee, na wasiozaa tena. Baki na majike wa umri wa kuzaa na beberu mmoja au wawili.

Ukihama, usihame na maziwa yote. Kundi likiondoka lote, wanaobaki nyumbani ni watoto, na ndio wanaokonda kwanza. Katika jimbo la Wasomali nchini Ethiopia, imeonekana kwamba kulisha mifugo michache ya maziwa karibu na boma kunazuia watoto wasidhoofike. Acha mbuzi 3 wanaokamuliwa. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kwa hao watatu, kwa miezi 3, andaa marobota 20 hivi ya nyasi, ya kilo 15 kila moja.

Maganda ya mbegu ya mathenge, ule mti wa miiba wa maeneo kame, yanasaidia, lakini yasage kwanza na yasizidi sehemu moja kwa tano ya chakula. Yakiliwa mazima kila siku, sukari yake huozesha meno. Wakazi wa Baringo walifika hadi mahakamani na mbuzi asiye na meno. Isitoshe, mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa hai na kuota kila mahali.

Swali: Mbona watu wanakufa na bado haijatangazwa kuwa ni baa la njaa? (Mwanafunzi, Garissa)

Kwa sababu vipimo vyake viko juu mno: angalau familia 1 kati ya 5 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 kati ya 100 wawe wamekonda kwa utapiamlo, na vifo vifike 2 kwa siku katika kila watu 10,000. Nchini Somalia tangazo lilitoka tarehe 20 Julai 2011. Janga lile liliua watu wapatao 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5, na wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo usingoje tangazo. Soma taarifa ya kila mwezi ya mamlaka ya ukame, NDMA, kwa kaunti yako. Angalia mambo matatu: bei ya mbuzi ikilinganishwa na ya mahindi, umbali wa kuteka maji, na vipimo vya mikono ya watoto. Yote matatu yakiharibika miezi 2 mfululizo, mifugo iuzwe na watoto wapimwe mwezi huo huo. Mwombe chifu au mwalimu aibandike taarifa hiyo ubaoni.