Mkoa wa Pwani unakua kwa kasi kuliko Dar es Salaam
Je, Dar es Salaam bado ndiyo inayoongoza Tanzania kwa kasi ya ongezeko la watu? Hapana, haiongozi tena. Kwa mujibu wa sensa, ilitoka watu milioni 4.36 mwaka 2012 hadi milioni 5.38 mwaka 2022, ilhali mkoa jirani wa Pwani ulipanda kutoka milioni 1.1 hadi takriban milioni 2. Kaya nyingi zinahamia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, mkoani Pwani, kufuata viwanja vya bei nafuu na kukimbia kodi ya nyumba inayodaiwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ingawa watafutaji wengi bado hudamka kwenda kazini jijini. Hata hivyo, si wote waliohamia Pwani walitoka Dar. Viwanda vya Kibaha na Mkuranga vimevuta pia watu wa mikoa mingine.