Vijimota vya umemetuli katika kamera ya simu: jibu la fundi

Ndugu, umeuliza kama vijimota vya umemetuli (vinavyotumia mvuto wa chaji za umeme zilizotulia) vinavyosogeza lenzi ya kamera ya simu vinavishinda kweli vile vya koili na sumaku tulivyovizoea, na kama fundi anaweza kuvitengeneza. Nimetengeneza simu kwa miaka kumi na mmoja katika barabara ya Luthuli hapa Nairobi, nami nitajibu kwa yale niliyoyaona mezani pangu.

Wateja wangu wengi ambao kamera zao zinatoa picha zenye ukungu ni waendeshaji wa boda boda wanaofunga simu kwenye usukani ili waone ramani. Katika kamera ya kawaida, lenzi hubebwa na springi nyembamba, na koili iliyo kati ya sumaku huisukuma pindi mkondo wa umeme unapopita. Mkondo ukikatika, lenzi hurudi ilikotoka; kwa hiyo ukipiga picha ya risiti iliyo karibu, ni lazima umeme uendelee kupita muda wote ili lenzi ibaki mahali pake. Mtetemo wa injini huzichosha springi hizo, na mwaka 2021 Apple iliwaonya wateja wake waziwazi kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kudhuru kamera za simu zao.

Kijimota cha umemetuli hakina sumaku wala koili. Ni kipande cha silikoni, ile inayotengenezewa chipu, kilichochongwa machanuo mawili ambayo meno yake yameingiliana bila kugusana, moja limekazwa na jingine limeshika lenzi. Yakitiwa volti huvutana, na volti zikiongezwa maradufu mvuto huwa mara nne. Kwa kuwa meno hayagusani, umeme huingia wakati wa kuyajaza chaji tu, kisha lenzi hushikiliwa karibu bila kula betri. Hiyo ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote, pamoja na wepesi wa sehemu inayosogea.

Hata hivyo, mvuto huo ni mdogo, tena unadai makumi ya volti ilhali betri ya simu ina takriban nne tu, hivyo lazima pawe na saketi ya kuzipandisha. Mwendo nao ni mfupi. Lenzi yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga wa kitu cha mbali) wa milimita 4 inahitaji kusogea takriban milimita 0.17 ili ilenge kitu kilicho sentimita 10 mbele yake, na kwa machanuo hayo ni safari ndefu. Ndiyo maana baadhi ya wabunifu waliamua kusogeza kipande kimoja tu cha lenzi badala ya vipande vyake vyote.

Kuhusu matengenezo, niliwahi kuifungua moduli moja (kifurushi kizima cha kamera) ya aina hiyo chini ya hadubini, nikaona chembe ya vumbi imekwama kati ya meno. Niliipuliza kwa hewa taratibu, na meno mawili yakavunjika. Tangu siku hiyo simshauri mteja yeyote afunguliwe moduli ya umemetuli: ibadilishwe nzima, na simu ya boda boda ihamishwe kutoka kwenye usukani hadi mfukoni.