Mnaoanza kazi yuniti ya dayalisisi (kuosha damu kwa mashine), hisia msiwaachie makaunsela peke yao

Nyinyi manesi wapya mnaoletwa yuniti za figo hapa Nairobi, mashine mtaizoea haraka, hata kudunga fistula, ule mshipa wa mkono uliotengenezwa kwa upasuaji, mkono utazoea tu. Kazi ngumu ni kukaa na mtu ambaye wiki yake imekatwa vipande vya masaa 4, mara mbili kwa wiki, anatoka hapo amechoka hadi kupanda matatu ya Kayole ni shida, halafu nyumbani bado anangojewa kama baba.

Mgonjwa akiwa mkali, usikimbilie kusema ana stresi. Pima presha, angalia sukari. Presha ikishuka mtu anaweza kusumbua ama anyamaze ghafla, na wewe unadhani ni hisia.

Mambo ya hisia usiyaanze ile saa ya kwanza, sindano bado inauma na alarmu zinalia. Saa ya mwisho nayo ina krampu. Vuta kiti saa ya pili, dakika 10 zinatosha, na uongee polepole kwa sababu viti vimebanana na jirani anaskia kila kitu.

Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja Jumatatu na kilo 4 za maji juu ya uzito wake, kila mtu anamgombeza maji, maji, na yeye anageukia ukuta. Siku moja nikamuuliza tu, mzee wangu, wikendi ilikuwaje? Kumbe kulikuwa na ruracio, ile sherehe ya mahari, na kila akipewa soda ama supu anamaliza ili wakwe wasijue anaoshwa damu. Kiu haikuwa ndio shida, ni aibu. Sasa hapo hotuba ya maji itasaidia nini? Tulichofanya ni kumwacha aitaje hiyo aibu kwa mdomo wake, kisha tukafanya mazoezi ya jibu, "Asante mama, nitashikilia hii hii glasi", akalisema mara kadhaa mpaka akacheka. Hiyo ndiyo elimu ya hisia yenyewe, ujue unaskia nini, nini imeileta, na utasema nini ikirudi. Karatasi za rangi zenye picha za nyuso mimi sizipendi sana, mtu mzima ataona unamfanya mtoto.

Kitu kingine hakuna atakayekwambia ni kiti kikibaki wazi. Hawa watu wanakaa pamoja miezi na miaka, mmoja akifariki wengine wanajua kabla yako. Usiwadanganye ati amehamishwa hospitali. Familia ikikubali, waambie ukweli na uwape nafasi wamwongelee, hata kama siku hiyo hakuna kingine mtafundisha.

Mkipima kama mafunzo haya ya hisia yanasaidia, wengi hutumia KDQOL-36, fomu ya kupima maisha ya mgonjwa wa figo yakoje, ni maswali 36 na unayauliza kabla na baada. Msiyaulize mtu akitoka tu kwa mashine, atajibu uchovu. Kuna mahali anaulizwa kama anajiona mzigo kwa familia. Akijibu ni kweli kabisa, usiweke tiki uende swali lingine, muulize ni nini nyumbani kinamfanya aone hivyo, na akisema hataki tena mashine, mwite daktari na kaunsela siku hiyo hiyo, msingoje kliniki.