Kwa wanaoanza kazi ya mishahara: ulizeni sheria imeanza lini

Anayeanza kazi katika ofisi ya mishahara nchini Kenya hudhani kwamba ugumu uko katika kukariri viwango vya makato. Viwango hutosha kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Kinachowaponza waajiri ni tarehe, kwa sababu kati ya tangazo na sheria yenyewe huweza kupita miezi.

Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2024, Rais alitangaza nyongeza ya asilimia 6 ya kima cha chini cha mshahara, lakini amri yenyewe ilianza kutumika tarehe 1 Novemba. Katika miezi hiyo yote afisa wa mishahara ndiye huulizwa na wafanyakazi pesa ziko wapi, na jibu lake linapaswa kutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, si katika taarifa ya habari. Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa; jizoesheni kulipitia Jumatatu asubuhi kabla ya kazi nyingine.

Tozo ya nyumba, yaani makato ya kugharamia nyumba za bei nafuu, inafundisha zaidi. Ilianza Julai 2023 kwa Sheria ya Fedha, mwajiriwa akikatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliibatilisha, lakini ikaruhusu iendelee kwa muda. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda huo, kisha sheria mpya ya tozo hiyo ikaanza kutumika tarehe 19 Machi. Kwa hiyo hukumu nayo ni badiliko la sheria, na anayesoma kichwa cha habari tu, bila kuangalia kama utekelezaji wa hukumu umesimamishwa, ataacha kukata wakati anaotakiwa kukata, au ataendelea kukata pasipo msingi wowote.

Oktoba 2024 SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000, aliyezoea kukatwa 1,700, akakuta 2,750. Barua fupi ya kueleza hesabu hiyo, ikitumwa kabla ya siku ya malipo, huokoa wiki nzima ya maswali mlangoni. Kisha kuanzia tarehe 27 Desemba makato ya SHIF na ya tozo ya nyumba yakawa yanatolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato, na waajiri wengi walikuwa wameshalipa mishahara kabla ya Krismasi.

Programu ya mishahara itasasishwa na aliyewauzia, ni kweli, lakini atakayeulizwa ni mwajiri. Kila badiliko linapoingia, chukueni mfanyakazi mmoja wa mshahara wa chini na mmoja wa mshahara wa juu, mkokotoe kwa mkono, mlinganishe. Andikeni katika daftari jina la sheria, siku ilipochapishwa, siku ilipoanza na jina la aliyebadilisha mfumo. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo imekuwa ikipanda kila Februari tangu 2023, iwekeeni ukurasa wake.

Wala msifute majedwali ya zamani. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi miaka 3 ya kufungua madai, na mahakama itataka kujua kiwango kilichokuwa kikitumika mwezi ule unaobishaniwa.