Maswali ya wasomaji: jumba la kale mnalitaka, au mnataka gesti mpya?

Safari hii nimewapa nafasi wanaouliza habari za hoteli zilizo ndani ya majumba ya zamani: Boma la Mikindani hapa kwetu, na zile za Mji Mkongwe, Unguja, ambako siku hizi kila anayeoa Mtwara anataka kwenda fungate. Maswali ya "chumba shilingi ngapi" nimeyaacha yote. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, na simu mnazo.

Boma la Mikindani ni hoteli ya nyota ngapi? Nataka kumpeleka mke wangu, tumetimiza miaka kumi ya ndoa. (Baba Asha, Masasi)

Hongereni sana. Ila hilo la nyota naletewa kila wiki, na kila wiki nasema neno lile lile. Nyota huhesabu lifti, friji ya chumbani na simu ya mezani. Unene wa ukuta hazihesabu, wala upepo wa jioni. Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, likawekwa juu mlimani ili wenye mamlaka waione ghuba yote na kila jahazi linaloingia. Baadaye likachakaa vibaya, mpaka shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilipolikarabati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuligeuza hoteli. Kwa hiyo ukipiga simu, uliza chumba kipi kinapata upepo wa bahari, dirisha linatazama wapi na ngazi zikoje. Nyota waachie wanaolala viwanja vya ndege.

Na wewe wa Masasi nisikufundishe habari za korosho: kuanzia Oktoba hadi Desemba minada ikipamba moto, wanunuzi hujaza vyumba Mtwara nzima. Weka nafasi mapema, usije ukamlaza mama kwenye kiti cha mapokezi siku ya sherehe yake.

Livingstone alilala chumba namba ngapi pale Boma? (Wengi, na mnaendelea kuongezeka)

Hakulala. Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866 na akafariki mwaka 1873. Boma ni la 1895. Nyumba yenye kibao cha jina lake iko chini, mjini, na ni nyumba nyingine kabisa. Nawaomba, tarehe hizi tatu ziandikeni mahali.

Tulilala hoteli ya jumba la kale. Asubuhi nikakuta unga mweupe sakafuni kando ya ukuta, na gauni langu jeusi nililolitundika limeingia weupe mgongoni. Nilimwita meneja nikamwambia hoteli yake chafu. Nilikosea? (Mama Zai, Ligula)

Kuona hukukosea, dada yangu. Uliyemfokea ndiye hakuwa na kosa.

Unga huo uko wa aina mbili. Wa kwanza ni chokaa ya kupaka inayoachia ukiiegemea. Hiyo ni kawaida ya kuta hizi. Nguo tundika kabatini. Wa pili ni chumvi. Majumba ya pwani yetu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikwa kwa chokaa iliyochomwa tanurini, udongo na mchanga. Chini hakuna kizuizi cha unyevu kama nyumba za leo. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, hutokea kwenye chokaa yakiwa mvuke, na chumvi hubaki nje. Ukuta unaotoa unga ni ukuta unaopumua, na mhudumu mwenye ufagio anamaliza kazi hiyo kwa dakika moja.

Ugomvi wangu, na mnaujua, ni saruji. Mwenye nyumba akiuona unga huo anamwita fundi wa kujenga maduka, fundi anamwambia "hapa tupige plasta ya simenti, bosi, usahau". Na simenti kwetu haina kwa kukosekana, kiwanda cha Dangote kiko humu humu mkoani. Ukuta unapigwa plasta, unapakwa rangi ya mafuta, unang'aa, na mgeni anapiga nao picha. Ndani, maji yaliyokuwa yakitoka hayana tena pa kutokea. Yanazidi kupanda hadi yazikute ncha za boriti za mikoko zinazobeba ghorofa, na boriti zilizokaa miaka mia bila kulalamika zinaanza kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Niliwahi kusimama chini ya ukuta wa namna hiyo pale Mikindani na mzee mmoja fundi wa chokaa. Aligonga plasta kwa kifundo cha kidole, ikalia tupu. Akachomeka ncha ya mwiko kwenye ufa, akasukuma kidogo tu. Likabanduka bamba la saruji upana wa sinia, likaanguka miguuni kwetu, na nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa chepechepe, chokaa ya zamani imekuwa uji. Mzee hakusema kitu, alifuta mwiko kwenye suruali.

Basi safari nyingine ukikuta unga sakafuni, omba ufagio. Ukikuta plasta imevimba na dari ina doa la maji juu ya kitanda, omba chumba kingine usiku ule ule.

Kuna AC? (Kijana, Chuno)

Uliza kabla hujalipa. Isipokuwepo, fungua madirisha ya pande mbili, shusha chandarua, ulale.

Nampeleka mama yangu Unguja, ana miaka sabini na magoti yanamsumbua. Hoteli tuliyoipenda ni nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, chumba kiko ghorofa ya tatu. Tutafika tuombe msaada? (Mwalimu, Newala)

Msaada ombeni leo, kabla hamjatoka Newala. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina lifti, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, na vidato havilingani kimo. Kijana mwenyewe hujikwaa. Waandikieni mnataka chumba cha chini, wajibu kwa maandishi, na mkifika msikubali hadithi ya "leo pamejaa, kesho tutawahamisha". Mkumbuke pia teksi haiingii kwenye vichochoro vile, kwa hiyo ulizeni umbali wa kutembea kutoka gari linaposimama mpaka mlangoni.

Mama akilalamika chumba ni kirefu na chembamba, mwambie ni boriti. Upana wa chumba ulifuata urefu wa mti wa mkoko uliopatikana, kiasi cha mita tatu hivi, na anasa ikaonyeshwa kwa kuongeza urefu wa chumba na madaka ya ukutani. Vitanda vikubwa vya siku hizi ndivyo vinavyobana.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema. Mkiwa huko mpitisheni mama Forodhani aione Beit-el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Jumba la mwaka 1883, mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na bado sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati na kuua watu wawili. Kuorodheshwa hakushikilii paa. Kwa hiyo hoteli yoyote inayojisifu kuwa iko kwenye jengo la kihistoria, muulizeni meneja lini boriti zilikaguliwa mara ya mwisho. Mwenye hoteli nzuri hujibu kwa furaha, tena atawapandisha darini mkaone.

Hoteli moja imenitajia bei kwa dola, mimi Mtanzania na nalipa kwa mshahara wa shilingi. Ni halali? (Nesi, Nachingwea)

Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei za humu nchini kwa fedha za kigeni. Waambie wakupe bei kwa shilingi, tena uulize kama kuna bei ya mkazi, kwa maana wasipoulizwa hawasemi. Hakikisha pia bei hiyo imeingiza VAT. Wako wanaoifichua asubuhi ya kuondoka, mabegi yakiwa mlangoni.

Sisi wa mtaani tunaruhusiwa kuingia Boma, au ni ya wazungu tu? Naona haya kupanda kule juu. (Binti, Mikindani)

Mwanangu, panda. Hoteli ni biashara. Agiza soda, kaa kivulini, angalia ghuba yenu kutoka juu.

Haya unayoiona ina historia, sitakudanganya. Jengo lile lilikuwa makao ya utawala, na neno boma kwa bibi zetu lilimaanisha kodi, askari na kuitwa. Mtu hakupanda kule kwa hiari. Ndiyo maana mpaka leo wazee wengine wakipita wanaliangalia kwa pembe ya jicho. Lakini hoteli ya namna hii ikiwekwa katikati ya mji mkongwe kisha wenye mji wasionekane ndani isipokuwa wamebeba mashuka, hapo meneja ana kazi ya kufanya, hata chakula kiwe kitamu vipi. Nawaambia wenye hoteli bila kuficha: wekeni siku ya wanafunzi wa Mikindani kutembezwa bure, na samaki nunueni hapo chini ufukweni.

Kwa nini Lindi hatuna hoteli kama hiyo wakati majengo ya Wajerumani yapo? (Mzee wa Mtanda, Lindi)

Shikamoo mzee. Majengo mnayo, na Kilwa Kivinje ndiyo usiseme, nyumba za ghorofa zimesimama hazina paa na miti imeota vyumbani. Fedha si kikwazo cha kwanza. Jengo la serikali linahitaji mkataba wa miaka mingi ili mtu akubali kutia pesa zake, na jengo la familia linahitaji warithi wakae mkeka mmoja. Vyote viwili huchelewa, mvua haichelewi.

Kwamba kazi yenyewe inawezekana, mkoa wenu ndio umeonyesha. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuyaimarisha. Vijana waliojifunza kazi ile wapo. Mkiwaacha wakaenda kupiga tofali za bloku Dar es Salaam, mtamwita nani?

Mgeni aliyelala hotelini Mikindani ameona mlango wa nakshi wa nyumba ya marehemu babu. Anataka kuununua, ametaja pesa nzuri. Nimpe? (S., Mikindani)

Usimpe, na ukishampa usiniandikie tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Haiuzwi wala haitolewi nchini bila kibali. Mgeni atakamatwa uwanja wa ndege, na wewe utafuatwa nyumbani. Tena ukiung'oa mlango na fremu yake, uwazi ule unabaki bila kitu cha kuubeba juu, na ukuta wa mawe unaanza kushuka hapo hapo. Kama una shida ya pesa, mtoze mgeni picha.

Eti hoteli za majumba ya kale zina majini? (Jina limehifadhiwa, Magomeni)

Zina popo. Leta wudhu wako na dawa ya mbu.

Tumeachiwa nyumba ya ghorofa ya babu Mikindani, ina baraza na madirisha ya nakshi. Tunataka kuifanya hoteli ndogo ya kifahari. Tuanze na nini? (Familia, Mtwara)

Nimefurahi mmeniuliza kabla hamjabomoa. Anzeni na paa. Msinunue kitanda, shuka wala kibao cha jina mpaka mvua moja nzima, ya Desemba mpaka Aprili, ipite bila tone kuingia ndani.

Kinachofuata ni vyoo, na hapa ndipo majumba mengi hufia. Nyumba ya babu ilikuwa na choo kimoja, chini, uani. Hoteli ya kifahari inataka bafu kila chumba, ghorofani, na maji yanapita usiku na mchana ndani ya kuta zisizowahi kujengwa kwa kazi hiyo. Bomba likivuja polepole nyuma ya vigae, hakuna atakayejua mpaka boriti ikatike. Pangeni mabafu yasimame moja juu ya jingine upande wa uani, mabomba yapite nje ya ukuta yanakoonekana hata kama hayapendezi, na vyumba vipungue. Vyumba vinne vikavu vinalipa kuliko tisa vinavyonuka ukungu.

Chokaa mchome au mnunue mapema, muilowanishe na muiache shimoni iive kwa miezi. Ya haraka hupasuka. Mawe msivunje miamba hai baharini, ya nchi kavu yapo ya kutosha. Simenti mnajua ninavyosema.

Lakini barua yenu imesainiwa na watu watatu, na chini mmeandika babu aliacha warithi wanane. Nendeni mahakamani mkafungue mirathi, mpate msimamizi, na hao watano wengine waweke sahihi kwenye karatasi inayosema nani anapata nini na nani anatengeneza paa. Mpaka siku hiyo msinunue hata misumari. Mkishapata sahihi zote nane, niandikieni, nitawapa namba ya yule mzee wa chokaa.